Nyapara Hakuondoka Ndalu, Alihamia Kwenye Laptopu

Leo tuongee kuhusu kazi ya mbali. Ile kazi ambayo bosi yuko Texas ama London, na wewe uko Ndalu kwenye kiti cha plastiki, laptopu iko juu ya meza ya mama, na simu ndiyo inakupa intaneti. Watu wengi mtandaoni huiongelea kama kitu kilichozaliwa Machi 2020 pamoja na corona. Wengine wanasema ni akili ya Silicon Valley. Mimi nasema ngojeni kidogo. Kama kuna watu Kenya hii wanaojua maana ya kusimamiwa na mtu asiyekuona, ni watu wa huku kwetu, kati ya Kitale na Bungoma. Tuko kwa hiyo stori kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kila bosi aliye mbali hukosa usingizi kwa sababu ya swali moja: nitajuaje kama huyu mtu anafanya kazi kweli? Historia ya huku kwetu imejibu hilo swali kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumchunga mtu. Ya pili ni kupima kazi yenyewe. Njia ya kwanza imetuumiza sana, na sasa inarudi ikiwa imevaa nguo mpya. Ndiyo maana nataka turudi nyuma kidogo. Usiogope neno historia, hakuna mtihani mwishoni.

Shamba kubwa, macho mawili tu

Leo Ndalu iko eneo bunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma. Lakini kabla ya uhuru, ardhi ya huku hadi Kiminini, Kitale na kuelekea milima ya Cherangani ilikuwa mikononi mwa walowezi Wazungu. Ilikuwa sehemu ya zile nyanda za juu ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba. Walowezi walianza kuingia Trans Nzoia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita, mwaka 1919, serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani, na wengine wakaja. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi yakaanza kusafiri kwa treni.

Sasa fikiria wewe ni huyo mlowezi. Una mamia ya ekari, pengine zaidi ya elfu. Una ng'ombe upande huu, mahindi upande ule, na watu wako wanapalilia bonde ambalo huwezi kuliona ukiwa kwenye veranda. Una macho mawili tu. Unafanya nini?

Unatafuta nyapara.

Nyapara alikuwa mwenzetu, Mwafrika, aliyepewa kazi ya kusimama juu ya wengine. Yeye ndiye aliamsha watu asubuhi, akawagawia kazi, akatembea katikati ya mistari ya mahindi akiangalia nani ameinama na nani amesimama. Chini yake ama kando yake kulikuwa na karani aliyejua kuandika, na karani aliandika. Wafanyakazi wengi walikuwa kwa mfumo wa tikiti. Unapewa kadi ya siku 30 za kazi, kila siku ukimaliza inawekwa alama, na mshahara unakuja kadi ikijaa. Siku ambayo haikuwekwa alama haikuwepo, hata kama mgongo wako unajua ilikuwepo.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena kama umewahi kufanya kazi za mtandaoni. Nadhani umeielewa haraka kuliko profesa yeyote.

Halafu kulikuwa na maskwota, familia zilizoishi ndani ya shamba la mlowezi, zikalima kipande chao na kufuga mifugo yao, na kodi yake ikalipwa kwa jasho. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mlowezi kazi angalau siku 180 kwa mwaka. Mwaka 1937 ikaja sheria nyingine iliyozipa halmashauri za walowezi nguvu ya kupunguza mifugo ya maskwota na kuongeza siku za kazi hadi 270. Yaani mkataba ulibadilishwa ukiwa ndani yake, na hakuna aliyekuuliza.

Kipande: profaili ya kwanza ya mfanyakazi

Ukienda kituo cha polisi leo utaulizwa, "Kipande iko wapi?" Wanamaanisha kitambulisho. Vijana wengi hulitumia hilo neno bila kujua lina uzito gani.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya vita, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole, jina, kabila, jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kuachishwa. Ilikaa ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikining'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi.

Hebu angalia jinsi kile kitu kilifanya kazi, kwa sababu kilibuniwa na mtu mwenye akili mbaya lakini akili. Mwajiri wa kwanza aliandika mshahara wako. Ukienda kwa mwajiri wa pili kuomba zaidi, yeye anafungua kikebe, anaona ulikuwa unalipwa shilingi ngapi, na anakupa hizo hizo. Bei yako ilikufuata kila mahali. Pia ukitaka kuondoka, lazima mwajiri aweke sahihi kwamba amekuachilia. Akikataa, huwezi kuajiriwa kwingine kihalali. Ukiondoka tu, wewe ni mtoro, na kutoroka kazi lilikuwa kosa la jinai. Ungetafutwa kwa alama za vidole kutoka Kitale hadi Mombasa.

Kwa hivyo mlowezi hakuhitaji tena kukuona. Karatasi ilikuona kwa niaba yake.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku na wenzake wa East African Association walipinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa za wanawake na wasichana. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, na ukapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru ni mmoja wa waliokufa pale. Kipande chenyewe kiliendelea kuning'inia shingoni mwa watu kwa miaka mingine ishirini na kitu, hadi sheria mpya ya usajili ya mwaka 1947 ilipokuja na kuwajumuisha watu wa rangi zote.

Shida kubwa ya kipande kwangu ni kalamu. Kukuandika peke yake si dhambi. Hata mkulima huandika lita za maziwa. Lakini kwenye kipande kalamu ilikuwa ya mtu mmoja. Mwajiri aliandika kuhusu wewe, na wewe hukuwa na nafasi ya kuandika kuhusu yeye. Kama alikuchapa, haikuandikwa. Kama alikuibia siku kumi za kazi, haikuandikwa. Kumbukumbu zote zilikuwa za upande mmoja. Weka hiyo akilini, tutarudi hapo.

Ukichunga watu, wanakupa mgomo baridi

Kuna kitu mabosi wa leo hawajajifunza ambacho walowezi walijifunza kwa uchungu. Mtu akichungwa sana, anaacha kukupa kazi na anaanza kukupa maigizo ya kazi. Nyapara akikaribia, jembe linaruka. Akipita, jembe linapumzika. Sisi tuna jina la hiyo kitu, mgomo baridi. Hakuna bango, hakuna kelele, hakuna kiongozi wa kukamatwa. Kazi inapoa tu.

Na huku kwetu haikuishia hapo. Elijah Masinde, yule mchezaji mpira wa zamani kutoka Kimilili, alisimama katikati ya miaka ya 1940 akakataa amri za kazi ya kulazimishwa. Dini ya Msambwa aliyoiongoza ilienea Bungoma na kuingia kwa wafanyakazi wa mashamba ya Trans Nzoia, na ujumbe wake ulikuwa wazi: Wazungu waende, ardhi irudi. Februari 1948 polisi walipiga watu risasi Malakisi. Mwaka huo huo Masinde alikamatwa, dini ikapigwa marufuku, na yeye akapelekwa mbali hadi Lamu. Aliachiliwa mwaka 1961.

Sisemi Masinde alikuwa anapigania haki ya kufanya kazi ukiwa nyumbani. Msinitafute. Alipigania ardhi na heshima. Lakini huwezi kuelewa hasira ya mashambani bila kuelewa kwamba ilikuwa pia hasira ya watu waliochoka kuhesabiwa na kuchungwa na mtu ambaye hawakumchagua na ambaye hawangeweza kumjibu.

Sasa ruka hadi mwaka 2024, Marekani. Benki kubwa ya Wells Fargo iliwafuta kazi wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili kwa madai kwamba walikuwa wakiigiza kazi kwenye kibodi, ili kompyuta ionekane iko bize. Kuna vifaa vinauzwa kabisa vya kusogeza kipanya chenyewe, wewe ukienda kupika chai. Watu walicheka mtandaoni. Mimi niliona jembe linaloruka nyapara akipita. Kifaa ni kipya, tabia ni ile ile. Na sababu ni ile ile: bosi anayepima mwendo wa kipanya ataletewa mwendo wa kipanya.

Sikimu: maziwa hupimwa kwa lita

Mwaka 1962, uhuru ukiwa mlangoni, ulianza mpango wa ekari milioni moja. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa, yakakatwa vipande, na familia kama 35,000 za Waafrika zikapewa. Ndalu ni moja ya skimu zilizotokana na mambo hayo, pamoja na majirani kama Tongaren na Naitiri. Ndiyo maana wazee wengine bado wakienda huko wanasema wanaenda Sikimu.

Haikuwa zawadi. Familia zilipewa shamba kwa mkopo, zikawa na deni kwa serikali, na hati miliki haikutoka hadi deni liishe. Kulikuwa na maafisa wa makazi waliotaka mambo yafanywe kwa utaratibu fulani. Wengi walihangaika na hayo malipo miaka na miaka. Sitaki kuipaka rangi nzuri kuliko ilivyokuwa.

Lakini kuna badiliko moja ambalo ni kubwa sana kwa mada yetu. Maziwa yalipofika kwa mnunuzi, yalipimwa kwa lita. Mahindi yalipimwa kwa gunia la kilo 90. Hakuna aliyemuuliza mama wa Ndalu aliamka saa ngapi, alipumzika mara ngapi, ama kama alikuwa ameinama ama amesimama wakati anakamua. Mkebe ukiwa umejaa, umejaa. Nyapara alikosa kazi kwenye shamba dogo kwa sababu anayelima ndiye anayevuna.

Hilo ndilo jibu la pili la swali letu. Pima kazi, mwache mtu.

Wakulima wa simu

Mashamba makubwa hayakuisha yote. Mengine yalichukuliwa na shirika la serikali la ADC, lililoanzishwa mwaka 1965, ambalo makao yake ni Nairobi na mashamba yake mengi yako huku Trans Nzoia. Mengine yaliingia mikononi mwa Waafrika wenye uwezo. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilifungulia mlango watumishi wa serikali kufanya biashara zao wakiwa bado kazini. Mkubwa wa wizara Nairobi angeweza sasa kuwa na shamba Kitale bila kujificha.

Hao ndio walioitwa wakulima wa simu. Yuko ofisini Nairobi, anapiga simu kwa meneja wa shamba, anauliza mvua imenyesha, mbolea imefika, ng'ombe wangapi wamezaa. Wikendi moja kwa mwezi anakuja na gari, anazunguka na buti mpya, anarudi.

Kilichotokea kwa mengi ya mashamba hayo mnakijua, kwa sababu kila familia ya huku ina toleo lake la hiyo stori. Gunia zinapungua njiani. Ng'ombe anaambiwa amekufa kumbe ameuzwa. Dizeli ya trekta inalima shamba la jirani. Mkubwa akigundua, anafuta meneja, analeta binamu yake kumchunga meneja mpya. Halafu analeta mtu wa kumchunga binamu. Mwishowe shamba lina wachungaji watatu na mpaliliaji mmoja.

Ukitazama kwa makini, mkulima wa simu aliyefaulu alikuwa na vitu vitatu. Alijua shamba lake linapaswa kutoa nini, kwa sababu alijua kilimo. Alimlipa meneja vizuri na kwa wakati, wengine hata kwa sehemu ya mavuno. Na alisikiliza meneja akisema mbegu imechelewa, badala ya kungoja hadi mwisho wa msimu ndipo apige kelele. Aliyeshindwa alitaka sauti ya simu ifanye kazi ya jembe.

Baadaye simu ikaja mfukoni. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mshahara wa kijana wa shamba haukuhitaji tena kusafiri ndani ya bahasha na kondakta wa matatu. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa, na intaneti ikaanza kushuka bei. Mlango ukafunguka upande wa pili. Sasa Nairobi haikuwa peke yake inayoweza kusimamia Ndalu. Dunia nzima ingeweza.

Wenzetu huko nje walifikaje hapa?

Kwa kifupi. Mwaka 1973 mhandisi Mmarekani aitwaye Jack Nilles alibuni neno la kuelezea kufanya kazi kupitia njia za mawasiliano badala ya kusafiri kwenda ofisini. Shida yake ilikuwa foleni za magari Los Angeles. Aliona ni upuzi kuhamisha mwili wa mtu kilomita nyingi kila asubuhi ilhali kazi yake ni karatasi na simu. Wazo lilikuwa zuri, lakini mabosi hawakulipenda kwa miaka mingi, kwa sababu ile ile ya mlowezi: nitawaonaje?

Katika miaka ya 2010 na 2011, mchumi Nicholas Bloom na wenzake walifanya jaribio na kampuni ya usafiri ya Ctrip huko Shanghai. Wafanyakazi wa simu waliojitolea waligawanywa, wengine wakabaki ofisini, wengine wakafanya kazi nyumbani siku nne kwa wiki, kwa miezi tisa. Waliokuwa nyumbani waliongeza utendaji kwa asilimia 13, na idadi ya walioacha kazi ikapungua nusu. Lakini kuna sehemu ambayo watu wa kusifu kazi ya mbali huiruka. Ukilinganisha watu wa utendaji sawa, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo kidogo kuliko wenzao. Na jaribio lilipoisha, wengi walichagua kurudi ofisini, upweke ukiwa mojawapo ya sababu.

Kwa hivyo hata pale kazi ilipopimwa vizuri, mtu alisahaulika. Macho ya bosi yakiondoka, ukali unaondoka, na pia kutambuliwa kunaondoka. Ukiwa mbali hakuna anayekukumbuka wakati nafasi imetokea.

Halafu corona. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akazitaka ofisi ziwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani pale inapowezekana. Mameneja ambao hawajawahi kusimamia mtu asiyeonekana wakajikuta na timu nzima isiyoonekana. Mwaka 2022 kampuni ya Microsoft ilitoa utafiti wake: asilimia 87 ya wafanyakazi walisema wanafanya kazi vizuri, lakini ni asilimia 12 tu ya viongozi waliokuwa na imani kamili kwamba ndivyo ilivyo. Hilo pengo ndilo veranda ya mlowezi. Anaangalia bonde asiloliona, na wasiwasi unamla.

Kipande kipya

Sasa turudi kwa kalamu.

Jukwaa la Upwork lilitokana na kuungana kwa Elance na oDesk, na jina hilo likaja mwaka 2015. Kwenye kazi za kulipwa kwa saa, programu yake hupiga picha ya skrini yako mara sita kwa saa, kwa wakati usioujua, na kuhesabu unavyobonyeza kibodi. Kipindi ambacho hakina alama kinaweza kukataliwa. Kadi ya siku 30 iko wapi tena? Iko hapo.

Halafu kuna profaili yako. Ina alama za wateja, ina kiwango cha mafanikio kwa asilimia, inaonyesha kazi ulizofanya na malipo yake. Mteja mpya anaifungua kama kikebe cha chuma. Ulianza kwa dola tatu kwa saa kwa sababu ulikuwa na njaa? Pole, dola tatu zinakufuata. Nikubali kuna tofauti kubwa. Hakuna polisi atakayekukamata ukiondoka, na wewe pia unaweza kumpa mteja alama. Hilo ni jambo la maana, na watu walikufa ili tufike hapo. Lakini jiulize alama yako kwa mteja inamuumiza kiasi gani, na yake kwako inakuumiza kiasi gani.

Na wakati mwingine kalamu haijulikani hata imeshikwa na nani. Vijana wengi wa Kenya walifanya kazi kwa Remotasks, jukwaa la kampuni ya Scale AI, wakichora mistari kuzunguka magari na watu kwenye picha ili mashine zijifunze. Hapo malipo ni kwa kazi, si kwa saa. Kwa hesabu yangu ya maziwa hiyo ingekuwa haki, sivyo? Lakini mkebe ulipimwa upande wa pili wa dunia, na ukiambiwa maziwa yako yamekataliwa huna wa kumuuliza. Machi 2024 huduma hiyo ilifungwa Kenya. Watu walijua kwa barua pepe. Mlango ukafungwa, basi.

Kwa hiyo "pima kazi" peke yake haitoshi. Nyapara pia angeweza kupima. Swali ni nani ameshika mizani, na ukiona imekosewa utaongea na nani.

Na wewe je, ni bosi wa nani?

Hapa ndipo wengine mtanikasirikia.

Wengi wetu tunaofanya kazi Nairobi ama Eldoret ama Dubai tuna shamba nyumbani, ama ng'ombe wawili, ama mjengo unaopanda polepole. Kuna kijana anayeangalia hizo vitu. Mchana tunalalamika bosi wa Marekani anapiga picha za skrini. Jioni tunampigia yule kijana simu ya video: "Nionyeshe ng'ombe. Geuza kamera. Hapo nyuma kuna nini? Mbona uko kwa njia saa hizi?" Mshahara wake tunautuma tarehe 12 badala ya tarehe 1, na tunamwambia asubiri, kuna mambo. Data ya hiyo simu ya video ananunua mwenyewe.

Huyo kijana ni mfanyakazi wa mbali. Kama unaamini kila kitu ulichokiandika mtandaoni kuhusu mabosi wabaya, yeye ndiye mtihani wako. Kubalianeni ekari ngapi zitapaliliwa kabla ya tarehe gani. Lita ngapi ni kawaida kwa ng'ombe huyo, na nini kinaweza kuzipunguza. Lipa siku mliyokubaliana. Tuma pesa ya data. Mpe siku ya kupumzika ambayo simu yako haitaingia. Na akisema dawa ya kupe imeisha, sikia mara ya kwanza.

Hiyo orodha ndiyo ile ile unayotaka bosi wako wa Texas aifuate, ukibadilisha ng'ombe kwa mafaili. Kazi ielezwe wazi kabla haijaanza. Mkutano uwe wa saa ambayo binadamu wako macho. Saa nane mchana California, wakati wa kiangazi chao, ni saa sita usiku Ndalu, na mwenye kuitisha mkutano anapaswa kujua hivyo. Stima ikipotea, isihesabiwe kama uvivu. Kazi ikikataliwa, sababu iandikwe na kuwe na mtu wa kujibiwa. Nafasi ya juu ikitokea, jina la aliye mbali liwe mezani.

Sheria nazo zipo, ingawa vijana hawazisomi. Sheria ya Ajira ya 2007 inagusa mshahara, saa za kazi na likizo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari zako awe na sababu halali na asikusanye kupita kiasi, na picha ya sebule ya mama yako ni habari zako. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua pepe za kazi nje ya saa za kazi. Chama cha waajiri, FKE, kiliupinga. Sishangai. Mwaka 1937 pia hakuna halmashauri ya walowezi iliyolalamika kwamba siku 270 ni nyingi.

Ugumu ni kwamba sheria za Kenya zinamfikia kwa shida bosi ambaye hana ofisi hapa, na majukwaa mengi hukuita mkandarasi huru ili usiitwe mfanyakazi. Hapo ndipo vita vya kizazi chetu viko. Wa Thuku walikuwa na kikebe mbele yao, kitu unachoweza kukishika na kukitupa chini. Chetu kiko kwenye seva ambayo hatujui iko nchi gani.

Kwa hiyo mwezi huu fanya vitu viwili tu. Kwanza, weka rekodi yako mwenyewe: saa ulizofanya, kazi uliyotuma, ujumbe wa bosi, malipo yaliyoingia. Usiache kumbukumbu zote zikae kwa jukwaa. Babu zako walibeba maandishi ya mtu mwingine shingoni kwa karibu miaka thelathini, na wewe una simu inayoweza kuandika. Pili, mpigie yule kijana wa shamba. Usimwambie ageuze kamera. Muulize anadai pesa ngapi.